Sanduku la babu na makumbusho ya Waskoti: tuwape, tuuze, au tukae nalo?

"Mtaalamu, salamu. Babu yetu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Wakati wa hali ya hatari, vita vya Mau Mau, mwaka 1954, alitolewa kikosini kwake akapelekwa kwa askari Waskoti, wale waliovaa sketi, awe mkalimani na mfuata nyayo katika msitu wa Aberdare. Alifariki sisi tukiwa wadogo. Aliacha sanduku la bati ambalo shangazi amelihifadhi uvunguni kwake Mombasa. Juzi tulilifungua. Mna kofia ya sufu yenye kifundo juu, shada la manyoya mekundu na beji ya shaba, na nondo washaanza kuila; nishani iliyoandikwa KENYA, imekuwa nyeusi tii; picha ya Wazungu wanane na babu amechuchumaa mbele yao; na kipande cha ngozi ya chui alichokuwa akikitandika kitini. Binamu yangu aliyeko Glasgow anasema tuvipeleke vyote makumbusho ya Black Watch, rejimenti ya Waskoti, kule Perth, Uskoti, watatulipa vizuri na watatupa faili la babu. Baba mdogo anataka kuuza mtandaoni. Mke wangu ni mtu wa Nyeri, babu yake alifungwa Manyani, kambi ya kizuizi ya wakoloni. Yeye anasema vichomwe. Mimi sijui hata kama ni heshima au ni aibu. Tufanyeje?"

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara jicho limekwama pale pale, penye kitu ulichokitaja mwisho kama nyongeza: ngozi ya chui. Tuimalize hiyo kwanza, maana mengine yote yanaweza kungoja hata mwaka.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya vitu vitokanavyo na wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamhesabu kuwa mkosaji mtu yeyote anayekaa na ngozi, pembe au jino bila kibali, na adhabu yake si ya kuchezea. Kusema "nimerithi" hakukukingi. Chui yumo pia katika orodha kali kuliko zote ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo binamu yako akiitia begini kwenda nayo Glasgow atajitafutia kesi nchi mbili kwa safari moja. Usiipige picha ukaitupia mtandaoni. Usiiuze, usiichome kwa siri, wala usimpe mtu akuwekee. Mwone wakili, umweleze ilivyopatikana, kisha mwende naye ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Hili ni la kwenda kwa miguu yako, mimi siwezi kulimaliza kwa maandishi. Najua wapiga ngoma wa rejimenti za Uskoti walivaa ngozi ya chui kifuani, na huenda ndiyo sababu binamu akadhani nayo ni sare. Kipande cha kutandika kitini si sare.

Sasa turudi sandukuni. Nikikusikia vizuri, unauliza mambo matatu yaliyofungwa katika leso moja: vitu hivi vina thamani gani, mahali pake ni wapi, na je, mtu anaweza kukaa navyo nyumbani bila kumuumiza mkewe. Binamu amekujibu la kwanza, lakini amekujibu vibaya.

Makumbusho anayoyasema yapo kweli. Yamo ndani ya ngome ya Balhousie, mjini Perth, kando ya uwanja wa North Inch na si mbali na mto Tay. Makao makuu ya rejimenti yalihamia humo mwaka 1962, na makumbusho yalifanyiwa ukarabati mkubwa yakafunguliwa upya mwaka 2013. Yanaendeshwa na wakfu. Si idara ya jeshi, wala si ofisi ya serikali ya Uingereza. Na rejimenti yenyewe haisimami tena peke yake: tarehe 28 Machi 2006 iliunganishwa na ndugu zake wa Uskoti, na leo ni batalioni ya tatu ya Royal Regiment of Scotland. Ukizunguka Uskoti utakuta nyumba nyingine za namna hiyo. Gordon Highlanders wana yao Aberdeen, Argyll and Sutherland Highlanders wako ndani ya ngome ya Stirling, na The Highlanders wako Fort George karibu na Inverness. Cameronians walivunjwa mwaka 1968, na vyombo vyao vimebaki katika makumbusho ya mji wa Hamilton. Kila rejimenti ilikuwa ikiokota vijana wake katika wilaya zake, Black Watch wakiwatoa Perthshire, Fife, Angus na Dundee, kwa hiyo makumbusho haya yanafanana zaidi na chumba cha ukoo kuliko na jumba la taifa. Watu huingia kumtafuta mjomba.

Ukielewa chumba hicho kilivyojaa, utaelewa kwa nini babu yako hayumo. Vyombo vya fedha vilitoka mesi ya maofisa. Nishani zililetwa na wajane. Barua na shajara zililetwa na watoto waliokuwa wakihama nyumba hawajui pa kuziweka. Kila kitu kilichofika pale kilikuwa na mtu wa kukifikisha, mwenye anwani, mwenye kuijua njia. Mfuata nyayo wa Kiafrika hakula mesi, mjane wake hakuishi Dundee, na kama aliandika barua basi hakuiandikia Perth. Hapo hapahitaji hila ya mtu yeyote: mlango ulikuwa upande mmoja tu wa nyumba. Na katika picha nyingi za enzi ya ukoloni utaona jambo lile lile. Wazungu wana majina na vyeo, Mwafrika aliyechuchumaa mbele ameandikwa kwa kazi yake, au hakuandikwa kabisa.

Ndiyo maana nasema picha yako ndiyo kito cha sanduku zima, na naona kwenu hakuna hata mmoja anayeigombania.

Kuhusu faili: halipo Perth. Askari wa Keya aliyeazimwa kwa kikosi cha Kizungu alibaki kuwa mtu wa Keya, na karatasi zake hazikuwa mali ya Waskoti. Hata kumbukumbu za utumishi za askari Waingereza wenyewe hazikai kwenye makumbusho ya rejimenti. Zimekuwa kwa Wizara ya Ulinzi, na tangu mwaka 2022 zinahamishiwa hatua kwa hatua Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Unachoweza kukitarajia Perth ni albamu za picha, barua na shajara za watu binafsi, na jarida la rejimenti liitwalo The Red Hackle, lililoanza mwaka 1921. Humo unaweza kupata patroli na kambi ya siku fulani, na hayo ni mengi tayari. Kew kuna karatasi za kamandi ya jeshi ya Afrika Mashariki, fungu la WO 276, na kuna fungu la FCO 141, zile nyaraka za kikoloni zilizofichwa Hanslope Park, ghala la serikali ya Uingereza, mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau ilipozitoa gizani na zikaanza kufunguliwa mwaka 2012. Kwa upande wetu, anza na Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, Nairobi, katika lile jengo la zamani la Bank of India. Ukifika, usiulize "faili la babu". Uliza kwa wilaya, kwa mwaka na kwa kikosi.

Na kabla ya kupanda basi, funguo unayo mwenyewe. Chukua nishani, ishike kwa kitambaa, tazama ukingo wake kwa kioo cha kukuza. Kwa maelezo yako hiyo ni Africa General Service Medal, ya utepe wa manjano wenye pindo nyeusi na mistari miwili ya kijani katikati. Kipande kilichoandikwa KENYA kilitolewa kwa utumishi wa kati ya tarehe 21 Oktoba 1952 na tarehe 17 Novemba 1956. Ukingoni huchapwa namba, cheo, jina na kikosi. Namba hiyo ndiyo utakayoitumia kila mahali. Ukikuta jina la mtu mwingine usishtuke, nishani zilikuwa zikibadilishwa, zikiazimwa, zikiokotwa. Lakini basi hadithi yako imebadilika, na ni afadhali ulijue hilo leo kuliko baada ya kuandika barua Uskoti.

Kuhusu malipo: makumbusho ya wakfu kwa kawaida hayanunui vitu vya aina hii. Yanaishi kwa kupewa. Wala mhifadhi mwenye kuiheshimu kazi yake hatakutajia bei, kwa sababu anayepokea zawadi akiwa pia ndiye mpima thamani, ukweli unaota kutu. Baba mdogo anaweza kuuza kofia na nishani, hilo halimkoseshi sheria. Ila mnunuzi wa mtandaoni hununua kipande kimoja kimoja: nishani itaenda nchi moja, beji nchi nyingine, na picha, kwa kuwa haina jina maarufu, itatupwa. Vikiwa pamoja vinasema mtu fulani alikuwa mahali fulani. Vikitawanywa ni sufu na shaba.

Kuna jambo moja kwenye kofia hiyo lililonifanya nitabasamu. Kwa desturi ya Black Watch, kofia ile ya kifundo ilivaliwa na shada jekundu peke yake, bila beji. Beji ya nyota na Mtakatifu Andrea ilikuwa ya kofia nyingine, ile ndefu inayokunjwa katikati. Kwa hiyo kama beji imeshonwa kwenye kofia ya shada, mfanyabiashara atakwambia ni bandia, au ataing'oa. Usimwachie. Inawezekana babu mwenyewe ndiye aliyeishona, ili vitu vyake viwili visipotezane, na uzi alioutumia ni sehemu ya historia kama beji yenyewe. Na shada lile si pambo la hivi hivi. Mapokeo ya rejimenti yanalihusisha na mapigano ya Geldermalsen, Uholanzi, Januari 1795. Lililo na hakika ni kwamba amri ya mwaka 1822 iliwapa wao peke yao, miongoni mwa rejimenti za milimani Uskoti, haki ya kuvaa manyoya mekundu. Askari wao hakuwa akiligawa kama peremende. Basi muulize shangazi: babu alipewa, alibadilishana, au aliokota? Alilitaja jina la aliyempa?

Sasa la mkeo, ambalo nimekuwa nikilikwepa kidogo.

Mkeo hana kosa, na usimwendee na maneno ya "hiyo ni historia tu". Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Batalioni ya kwanza ya Black Watch ililetwa Kenya mwaka 1953 ikitoka vita vya Korea, ikakaa mpaka mwaka 1955. Katika miaka hiyo watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu waliondolewa makwao wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na tarehe 24 Aprili 1954 operesheni iliyoitwa Anvil iliuzingira mji wa Nairobi na maelfu wakapelekwa kambini, wengi wao hiyo Manyani anayoitaja. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba watu waliteswa, ikaeleza masikitiko yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 katika suluhu iliyowahusu wadai 5,228, na mwaka 2015 ukazinduliwa mnara wa kumbukumbu Uhuru Park. Hayo hayatoki kwenye kofia hata ukiisafisha vipi.

Kwa Perth, Kenya ni jina jingine katika orodha ya waliokufa. Mkesha wa Krismasi mwaka 1953 aliuawa huku Meja Wavell, mtoto wa kiume wa pekee wa yule Jemadari Mkuu Wavell wa vita vya pili, ambaye naye alikuwa mtu wa rejimenti hiyo hiyo. Kijana alikuwa ameshapoteza mkono Burma. Kwake ukoo wa kilodi wa Wavell ulikatika. Huzuni hiyo ni ya kweli. Ya Manyani pia ni ya kweli, na huwezi kuzitia kwenye mizani ukapata jibu.

Nikuambie kitu kuhusu Waskoti hawa ambacho binamu huenda hakukisoma, na ambacho kwangu mimi kinalihusu sanduku hili kuliko chochote. Wao wenyewe walianza kama walinzi wa kuwalinda ndugu zao. Mwaka 1725 Jenerali Wade, kwa niaba ya serikali ya London, aliunda kampuni sita za wanaume wa milimani, kutoka koo zilizokuwa upande wa serikali, akina Campbell, Grant, Fraser na Munro, ziwanyang'anye silaha na kuwachunga wanaume wa milimani wenzao. Wenyeji, kwa lugha yao ya Kigaeli, wakaziita Am Freiceadan Dubh, Lindo Jeusi, ndiyo Black Watch kwa Kiingereza, inasemekana kwa ile tartani yao, kitambaa cha miraba, iliyokoza. Halikuwa jina la mapenzi. Kampuni hizo zilifanywa rejimenti mwaka 1739, na mwaka uliofuata zikakusanywa karibu na Aberfeldy, ukingoni mwa Tay. Mwaka 1743 waliandamishwa hadi London wakiamini wanakwenda kuonwa na mfalme, kisha ikavuma kwamba watapakiwa meli kupelekwa visiwa vya Karibi, ambako homa ilikuwa ikiua askari kama nzi. Zaidi ya mia wakaondoka usiku kurudi kwao. Walikamatwa, na watatu, Samuel Macpherson, Malcolm Macpherson na Farquhar Shaw, wakapigwa risasi Mnara wa London kama waasi. Leo ukifika Aberfeldy utakuta mnara wa rejimenti wa mwaka 1887 wenye askari wa mawe juu yake. Inasemekana sura yake ni ya Farquhar Shaw.

Sisemi babu yako na Shaw ni kitu kimoja, wala sisemi Nyeri ni Perthshire. Ninachosema ni kwamba watu hawa wana uzoefu wa kuiweka aibu na fahari katika chumba kimoja, pale aibu inapokuwa yao wenyewe. Kama watafanya hivyo kwa aibu iliyo ya watu wengine, hilo ni swali la kuwauliza waziwazi kabla ya kuwapa hata kifungo kimoja cha shati: mtaandika nini kuhusu Kenya pembeni ya kitu hiki?

Kuchoma nakataa, na sababu yangu ninaielekeza kwa mkeo hasa. Picha ile ni ushahidi wa nani alikuwa msituni, lini, na akiwa na nani. Upande wake ndio ulionyimwa karatasi kwa miaka sitini. Kenya yetu wenyewe iliendelea kuihesabu Mau Mau kuwa chama haramu mpaka mwaka 2003, kwa hiyo babu yako na babu yake wote wawili walizeeka katika nchi ambayo haikutaka kuwasikia. Ningekuwa mimi, ningemwomba mkeo aandike, au awarekodi wazee wa kwao, habari za Manyani, na maandishi hayo yakae bahasha moja na picha hii. Akikataa, heshimu. Sanduku lisikae chumbani kwake.

Kazi ya mikono sasa, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Nondo mwenye mabawa hali nguo. Anayekula ni kiwavi wake, na chakula chake ni keratini, ile ile ya kucha na nywele, iliyomo katika sufu na katika manyoya ya shada. Anapenda giza, utulivu na jasho la zamani, na uvungu wa kitanda umempa vyote. Usiifue kofia: itajikunja na rangi itachujuka. Usiipulizie dawa ya mbu. Kafuri na vidonge vyeupe vya kabatini vinaweza kukudhuru wewe, wala si vya kutegemea. Ifunge ndani ya mfuko mzito wa plastiki, toa hewa, ziba kwa utepe wa gundi, iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Ukiitoa, usiufungue mfuko kwa saa 24, la sivyo unyevu wa Mombasa utaganda juu ya sufu. Kisha ipanguse taratibu kwa brashi laini. Picha na nishani zisiingie frizani.

Nishani ni nyeusi kwa sababu fedha imekutana na salfa. Sufu ina salfa, raba ina salfa, na sanduku lilikuwa limefungwa: vimekaa vikipikana humo miaka hamsini. Weusi huo haumdhuru mtu wala nishani. Ukitia Brasso unaondoa fedha yenyewe, na kinachotangulia kuondoka ni zile herufi nyembamba za ukingoni, yaani jina la babu. Nimewahi kuletewa nishani iliyosuguliwa na wajukuu wenye mapenzi mpaka mwenyewe hasomeki. Iache nyeusi, itenganishe na kofia. Vitu vyote vifungiwe kwa bafta iliyofuliwa mpaka wanga wote umetoka, kila kimoja na chake, na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya uvitupie ndani ya sanduku, ukivibadilisha kila vikichoka. Sanduku litoke uvunguni, lisiguse sakafu wala ukuta wa nje. Hewa ya chumvi haina huruma na bati.

Picha usiitie laminesheni, usiigandishe kwa seloteipu, usiandike nyuma yake kwa kalamu ya wino. Iskani pande zote mbili, kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, kabla ya jambo lingine lolote.

Ukiona unga mweupe au wa kijani unaotoka kwenye shaba, ukungu unaorudi baada ya kupangusa, au picha iliyogandana na kioo, acha mikono yako. Nenda kwa mtaalamu wa uhifadhi. Fort Jesus wako hapo hapo Mombasa, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na watakuelekeza. Na ukikuta risasi chini ya bitana la sanduku, usiiguse wala usiisafirishe, ita polisi.

Sasa vipelekwe wapi? Kutoa zawadi Perth kuna faida: wana vyumba vya hali ya hewa inayodhibitiwa, na jina la babu litaingia kwenye daftari lao la vitu vilivyopokelewa, ambalo halifutwi. Lakini zawadi ni zawadi. Mtatia sahihi ya kuhamisha umiliki, na mjukuu wako akitaka kuiona atahitaji viza. Wala hawakuahidi kuionyesha. Sehemu kubwa ya mkusanyo wowote duniani hukaa ghalani. Pia wanaweza kusema hapana, kwa kuwa wanazo kofia kama hiyo tele. Kuazima ni njia ya katikati, ila huwa ni kwa muda uliotajwa na kwa maonyesho fulani. "Mtuwekee mpaka tutakapotaka" hawalipendi, na wana haki. Makumbusho ya Taifa ya Kenya ni mlango mwingine, na hadithi ingebaki karibu na mahali ilipotokea. Sheria yetu ya urithi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa vya kale vitu vya kabla ya mwaka 1895, kwa hiyo kofia ya mwaka 1954 haimo kwa umri wake. Hata hivyo kipo kifungu cha vitu vinavyolindwa kwa tangazo, basi waulize kabla ya kusafirisha chochote.

Mimi ningefanya hivi: vitu vibaki Kenya, Perth wapelekewe nakala. Skani nzuri ya picha, picha za kofia, nishani na ukingo wake, na sauti ya shangazi akisimulia. Mhifadhi mwenye akili atafurahia hivyo kuliko kofia ya mia moja, kwa sababu anaweza kuilinganisha na albamu zake na kukurudishia majina ya wale wanane. Ikiwa baada ya mwaka mmoja mmeona wanavyowajibu na ukoo mzima umekubaliana, na sanduku hilo ni la warithi wote, si lako wala la baba mdogo, basi zungumzeni habari ya zawadi. Mkishindwa kuelewana, mwone wakili wa mirathi mapema.

Kwa hiyo Jumamosi nenda kwa shangazi na simu iliyochajiwa. Usianze na maswali ya vita. Mpe picha mkononi, mwache aitazame, mwache azungumze njia anayoijua, na mwishoni ndipo umuulize ya shada na ya beji. Nakili jina la babu kama yeye anavyolitamka, na kando yake kama lilivyochapwa kwenye nishani, kwa maana makarani wa Keya waliyapinda majina watakavyo. Barua ya Perth utaiandika baadaye, kurasa mbili zinatosha. Angalia tu anwani, isije ikaenda Perth ya Australia. Waeleze mna nini, mnataka kujua nini, na kwamba kwa sasa hamtoi wala hamuuzi. Jina la babu liwe kwenye mstari wa kwanza, lote, pamoja na la baba yake.